Bakteria aliyekwama kwenye kioo akazunguka mara 41: kisa kizima

Ilikuwa pratiko ya kawaida kabisa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hadubini nane, chupa moja ya mchuzi wenye E. coli wa maabara, ile aina ya K-12 isiyo na madhara, na kazi yenyewe ndogo tu: weka tone kwenye slaidi, funika na kavaslipu, kile kioo chembamba cha juu, pakaa mafuta ya mgando pembeni tone lisikauke, angalia bakteria wanavyoogelea halafu chora unachokiona. Kama dakika kumi hivi zimepita binti mmoja akaniita, "Madam, hebu njoo, huyu wangu mbona anazunguka hapohapo tu?"

Nikainama nikaangalia. Wenzake wengi walikuwa wamelala wanatetemeka, wachache wanakatiza, ila huyu mmoja ncha yake moja imeshikwa mahali na mwili wote unaizunguka ile ncha, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Anaenda haraka, mfululizo, afu ghafla anageuza anaanza kuzungukia upande wa pili. Nikaweka simu kwenye jicho la hadubini nikarekodi, na usiku nikakaa na ile video fremu kwa fremu: kwenye kipande cha sekunde 10 kazunguka mara 41, kageuza mwelekeo mara nne, na safari ndefu kuliko zote aliyoenda upande mmoja bila kugeuza ilikuwa mizunguko 19.

Hii mada nimeifundisha miaka kadhaa kwa kuchora ubaoni, ila kumuona kwa macho ilikuwa mara yangu ya kwanza, na nimeona niandike kisa chote kwa urefu kwa sababu huyu bakteria mmoja aliyekwama anatuonyesha kitu ambacho wale walio huru hawawezi kutuonyesha. Wakiwa huru wanapita tu kama vidoa, mkia wanaoogelea nao huuoni kabisa kwa hadubini ya kawaida, unene wake ni nanomita 20 tu hivi (nanomita milioni moja ndo zinafanya milimita) na mwanga unaupita. Akikwama ndo siri inatoka.

Tuanze na majibu ya haraka haraka, maana wanafunzi waliyatoa papo hapo na yote yalistahili kupimwa. Mmoja akasema ni ule mtikisiko wa molekuli za maji, ule tunaoufundisha kwa chembe za chavua. Hapana, mtikisiko ule hauna upande, unakusukuma huku mara unakurudisha kule, na ukitaka kuuona waangalie wale wenzake waliolala pembeni, ndo walivyokuwa wanafanya. Huwezi kupata mizunguko 19 mfululizo upande mmoja kwa kubahatisha. Mwingine akasema ni mkondo, maji yanazunguka ndani ya tone. Sasa mbona wale waliolala robo ya upana wa nywele kutoka pale hawazunguki, na mkondo gani huo unageuka kila baada ya sekunde mbili tatu kwa ajili ya bakteria mmoja? Wa tatu akaleta hoja nzuri zaidi, kwamba bakteria wakiogelea karibu na kioo huwa wanakwenda kwa duara. Hilo ni kweli kabisa, E. coli akiwa karibu na kioo anapinda, lakini duara lake lina nusu kipenyo cha makumi ya maikromita (maikromita elfu moja ndo milimita) na mwili wote unasafiri kwenye ule mstari wa duara. Huyu wetu duara lake halizidi urefu wa mwili wake mwenyewe, ambao ni maikromita mbili hivi, na ncha moja haikubanduka mahali.

Kwa hiyo kitu kimemshika, na yeye mwenyewe ndo anayejizungusha. Swali: kwa kutumia nini?

Hapa ndo mbuzi wa kigingini anapotusaidia. Mbuzi akifungwa kamba kwenye kigingi akazunguka upande mmoja mara 19, kamba yote inajikunja kwenye mti, inafupika mpaka shingo yake inagusa kigingi na hawezi tena kwenda. Asipokwama ujue kuna sehemu inayozunguka pale kigingini, mtu kaweka pete. Vivyo hivyo kwa bakteria. Kama mkia ungekuwa umeota mwilini moja kwa moja, kama unywele au mkia wa ng'ombe, na ukashikwa na kioo, mwili ungeweza kuyumba kushoto kulia, lakini usingeweza kumaliza mizunguko 19 bila kuusokota ule mkia mpaka ukatike au umzuie. Huyu hakuzuiwa wala hakupunguza mwendo, mzunguko wa kwanza na wa kumi na tisa kwenye video yangu ulichukua fremu saba saba hivi. Maana yake pale mkia unapoingia mwilini pana kiungo kinachozunguka bila mwisho, ekseli kabisa. Mkia ukiwa huru mkia ndo unazunguka, ukishikwa na kioo basi mwili ndo unazunguka. Fikiria pangaboi la darini: likiwa limefungwa vizuri mapanga yanazunguka, sasa mtu akiyakamata mapanga kwa nguvu akayazuia na mota ikawa haijafungwa vizuri kwenye dari, mota yenyewe ndo itaanza kuzunguka. Kilichobadilika ni upande ulioshikwa tu, mashine ni ileile.

Leo hilo linasikika rahisi, ila kabla ya miaka ya 1970 halikuwa rahisi hata kidogo. Wengi waliamini mkia wa bakteria unapiga mawimbi kama mkia wa mbegu ya kiume, na ni dhana inayoeleweka, kwa mbali vinafanana. Adrianus Pijper, daktari aliyefanya kazi Pretoria, alipiga filamu za bakteria wa taifodi kwa kutumia mwanga wa jua, na akashikilia kwamba mikia ile haisukumi kitu, eti mwili ndo unaojinyonganyonga na mikia ni ute tu unaoburuzwa nyuma. Jua la Pretoria lilimpa picha nzuri sana, ila picha nzuri ya kitu kinachozunguka haraka bado inaweza kukudanganya: skurubu inayozunguka ukiitazama kwa ubavu inaonekana kama wimbi linalosafiri. Hata leo zungusha skurubu ndefu mbele ya macho yako, utaona zile nyuzi zinatembea kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na hakuna kinachotembea.

Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson wakachapisha hoja kwenye jarida la Nature kwamba mikia inazunguka. Hoja yao mojawapo ilitokana na kingamwili, zile protini za kinga zenye mikono miwili: ukiweka kingamwili zinazoshika mikia, na mkono mmoja ukashika mkia huu na wa pili ukashika mkia wa jirani, bakteria anasimama. Ukiweka zile zilizobakishiwa mkono mmoja, zinashika mikia lakini hazifungi mkia na mkia, anaendelea kuogelea. Mikia ikiwa inapiga mawimbi kwa pamoja, kuifunga pamoja isingeleta shida kubwa. Ikiwa kila mmoja unazunguka kwenye mhimili wake, kuifunga ni kuikaba. Mwaka uliofuata, 1974, Michael Silverman na Melvin Simon wa Chuo Kikuu cha California San Diego wakafanya kitu ambacho ndo hasa tulichokiona kwenye slaidi yetu bila kupanga: wakawagandisha bakteria kwenye kioo kwa kingamwili zinazoshika mkia au ile kulabu iliyo shinani mwa mkia, wakaangalia, na miili ikawa inazunguka. Mwaka uleule kundi la Julius Adler kule Wisconsin likaonyesha kwamba ukimuwekea bakteria wa namna hiyo kitu anachokipenda anashikilia upande mmoja, ukimuwekea asichokipenda anageuza.

Sasa sisi hatukuwa na kingamwili yoyote. Huyu wetu alikwamaje? Nilianza kufuatilia kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Slaidi nyingine saba zilikuwa na bakteria wanaoogelea vizuri na hakuna hata mmoja wa kuzunguka, slaidi ya huyu binti peke yake ndo ilikuwa na wengi waliolala na huyu mmoja. Mchuzi ni uleule, vioo ni vya pakiti ileile. Nikamuuliza alichanganyaje, akasema aliona mchuzi umetuama chini ya kichupa, akachukua bomba la sindano lenye sindano nyembamba akauvuta na kuusukuma, akauvuta na kuusukuma, "kama mara hamsini hivi Madam, mpaka ukachanganyika vizuri".

Hapo nikaelewa. Mkia wa E. coli ni mrefu kuliko yeye mwenyewe mara kadhaa, unafika mpaka maikromita 10, na kila bakteria anayo kama minne hivi imechipuka ovyo ovyo ubavuni. Ukimpitisha kwenye sindano nyembamba kwa kasi, maji yanayogusa ukuta wa sindano yanakwenda polepole na ya katikati yanakimbia, kwa hiyo mkia unavutwa huku na huku mpaka unakatika. Mwili ni mfupi na mgumu, unapita salama. Anayetoka upande wa pili ana visiki vya mikia tu. Kisiki hakitoshi kuogelea, ila kinatosha kunata kwenye kioo, na mota iliyo shinani haijaguswa. Ukishakuwa na kisiki kimoja kimenata basi unaye mbuzi wako kigingini. Maabara zinazofanya utafiti huu zinakata mikia kwa makusudi kwa njia hiyohiyo, kupitisha kwenye sindano au mrija mwembamba mara nyingi.

Tuingie kwenye namba sasa, maana hapa ndo fizikia ilipo.

Mizunguko 41 kwa sekunde 10 ni minne na kitu kwa sekunde. Bakteria huyuhuyu akiwa huru mikia yake inazunguka kama mara 100 kwa sekunde, na mota ya E. coli ikipewa mzigo mdogo kabisa, karibu na hakuna, inafika kama 300. Mbona huyu wetu minne tu, mgonjwa? Hapana. Mota hii ina tabia ya ajabu, nguvu yake ya kuzungusha inabaki karibu ileile kuanzia ikiwa imesimama mpaka mizunguko mia na kitu kwa sekunde, ndo baadae inaporomoka. Kwa hiyo mwendo anaoupata unaamuliwa na mzigo. Mkia ni mwembamba na unazunguka kwenye mhimili wake, maji hayaupingi sana. Mwili mzima ukiushika kwa ncha moja ukaanza kuupiga duara ndani ya maji ni habari nyingine, ni sawa na tofauti ya kuzungusha mwiko katikati ya vidole na kuukorogea ugali. Na urefu una adhabu kali: fimbo inayozungushwa kwa ncha, ukiongeza urefu mara mbili upinzani wa maji unapanda karibu mara nane. Ndo maana ukiona wawili wamenaswa, mfupi na mrefu, mrefu atazunguka taratibu mno na mota zao zinaweza kuwa na nguvu sawasawa.

Nguvu yenyewe ya kuzungusha ni kama nyutoni mita 10 kwa kipeo cha hasi 18. Namba hiyo haishikiki kichwani, najua, lakini ukiizidisha kwa kasi ya huyu wetu unapata kwamba alikuwa anatumia wati kama 3 mara 10 kwa kipeo cha hasi 17 kuzungusha mwili wake, kutoka kwenye mashine yenye upana wa nanomita 45 hivi. Ukizipanga mota zenyewe pembeni kwa pembeni, elfu ishirini na kitu ndo zinajaza milimita moja.

Kitu ambacho kilinikalisha kwenye ile video mpaka usiku wa manane hata hivyo sio kasi, ni namna alivyokuwa anasimama. Kila alipogeuza mwelekeo, fremu moja anazunguka, fremu inayofuata kasimama, hamna kupunguza mwendo kidogo kidogo. Pangaboi ukilizima linaendelea kuzunguka kwa mazoea nusu dakika nzima. Mtumbwi ukiacha kupiga kafi unateleza bado hatua kadhaa. Huyu hapana, mota ikiacha na yeye kaacha palepale.

Hii ndo dunia anayoishi, dunia ya mnato. Osborne Reynolds, aliyekuwa Manchester, mwaka 1883 alituachia namba inayolinganisha msukumo wa kitu kuendelea mbele chenyewe na mnato wa maji kinamopita. Mtu anayeogelea namba yake ni mamilioni, maana yake kwake ule msukumo wa kuendelea mbele unatawala na mnato si kitu. Bakteria namba yake ni kama sita ya laki moja, yaani 0.00006, na kwake mnato ndo kila kitu. Nikapiga hesabu ili wanafunzi waione: mtu mzima ukitaka aogelee kwa namba hiyohiyo ya Reynolds, muweke kwenye bwawa la asali halafu mkataze kwenda zaidi ya milimita moja kwa saa. Akiogelea hivyo ndo ataanza kuonja anachokionja bakteria. Na bakteria huru anayekwenda maikromita 30 kwa sekunde, ukimkatia mota ghafla, anasimama ndani ya chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na umbali anaoteleza kabla ya kusimama haufiki hata sehemu ya kumi ya upana wa atomu moja ya haidrojeni. Hesabu hii Edward Purcell, mwanafizikia aliyepata Nobeli ya 1952 kwa kazi nyingine kabisa, aliipiga kwenye mhadhara wake wa 1976 na tangu hapo kila anayefundisha mada hii anairudia, na mimi nairudia kwa sababu ukishaielewa hutamuangalia tena bakteria kama samaki mdogo.

Kwenye dunia hiyo kafi halisaidii. Pwani mvuvi akipiga kafi analivuta nyuma ndani ya maji halafu analitoa nje, analirudisha mbele hewani, ndo maana mtumbwi unakwenda. Bakteria hana hewa ya kurudishia kafi, yuko ndani ya maji mzima mzima. Na akisema basi nitalivuta haraka nitalirudisha polepole, kwetu ingesaidia, kwake haisaidii hata chembe, kwa sababu pale haraka na polepole havina tofauti, kinachohesabika ni njia uliyopita tu. Ukienda na kurudi kwa njia ileile umerudi ulipokuwa. Inabidi upate mwendo ambao ukirudishwa kinyumenyume hauonekani vilevile, na skurubu inayozunguka upande mmoja ni mwendo wa namna hiyo, haina kurudi.

Lakini skurubu ndani ya maji inashika nini, maji si ubao? Hapa nina jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Chukua glasi ndefu ya asali na sindano ya kushonea, ichomeke juu juu ikiwa imeinama, iachie. Haishuki wima. Inashuka huku inateleza kwenda upande ambao imeinamia, kwa sababu asali inaipinga kitu chembamba kirefu karibu mara mbili zaidi kikienda kwa ubavu kuliko kikienda kwa urefu wake. Kitu kirefu kilichoinama kinapendelea kuponyokea kwenye urefu wake. Sasa mkia wa bakteria umejikunja kama springi, na kila kipande chake ukikiangalia peke yake ni kisindano kilichoinama. Mota ikizungusha, kila kipande kinasukumwa kwa ubavu, maji yanakataa, na kwa sababu kimeinama sehemu ya ule ukatazo inaangukia mbele. Vipande vyote vikijumlishwa, vya upande kwa upande vinafutana, vya mbele vinabaki. Msukumo wote anaoupata ni kama nusu ya pikonyutoni. Mkia wenyewe haufanyi kazi yoyote, ni mrija wa protini moja, flajelini, tundu lake la katikati lina nanomita mbili hivi na ndo njia wanayopitia flajelini wapya kwenda kuota kwenye ncha, hauna misuli wala hauli nishati. Ukinyooka ukawa kama waya, mota ikizunguka hata mara elfu bakteria haendi popote.

Na kuna deni la kulipa. Mota ikizungusha mikia upande mmoja, mwili lazima uzunguke upande wa pili, maana hakuna kigingi baharini. Bakteria huru mwili wake unabiringika mara kumi na zaidi kwa sekunde huku mikia nyuma inakwenda kinyume chake. Kwa hiyo ule mzunguko tulioushangaa kwenye slaidi anaufanya kila siku, sisi tu hatukuwa tunauona.

Tuje kwenye ile geuza geuza, mara nne ndani ya sekunde 10. Akiwa huru, mota zote zikizunguka kinyume na saa (ukiangalia kutoka nje kufuata mkia kuelekea mwilini) mikia inajisokota pamoja nyuma kama msuko mmoja na anakwenda mbele, karibu mstari ulionyooka, kama sekunde moja. Mota moja au zaidi ikigeuka kwenda na saa, msuko unafumuka, anagaagaa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, halafu unajifunga tena na anaondoka kuelekea kwingine. Berg na Douglas Brown mwaka 1972, kwa hadubini waliyoitengeneza kumfuata bakteria mmoja mmoja anakokwenda, walikuta anageuka kwa wastani wa nyuzi 68. Hana usukani. Hawezi kuchagua kwenda kushoto. Anachoweza ni kuchelewesha kugaagaa mambo yakiwa yanazidi kuwa mazuri kadri anavyokwenda, na hiyo inatosha kumfikisha kwenye chakula. Na kwa nini sekunde moja, kwa nini asiende kumi? Kwa sababu molekuli za maji zinampiga kila upande zinamuyumbisha, ikipita sekunde kadhaa hajui tena alikuwa anaelekea wapi. Na asipofika maikromita 30 hivi, sukari inasambaa yenyewe ndani ya maji haraka kuliko anavyokwenda yeye, safari inakuwa ya bure. Ile sekunde moja imekaa katikati ya hayo mawili, na kila nikiifikiria naona hesabu safi mno.

Mwisho wa pratiko, dakika kama arobaini tangu tone lifunikwe, akaanza kuchoka. Minne kwa sekunde, mitatu, miwili, halafu akasimama akabaki anatetemeka kama wale wengine. Wanafunzi wakasema kafa. Nikawaambia sogeza slaidi mtafute povu la hewa. Jirani na povu, wale walioweza kuogelea walikuwa wanaogelea bado. Hewa ndo ilikuwa imeisha katikati ya tone. Mota hii haitumii ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kama misuli yetu, inatumia protoni: bakteria akipumua anazisukuma protoni nje ya utando wake, nje panajaa, ndani panapungua, tofauti inakuwa kama milivolti 150 kwenye utando wenye unene wa nanomita tano hivi, na protoni zikitaka kurudi ndani zinapitia kwenye mota. Ni bwawa la umeme la Mtera kabisa, maji yamezuiwa juu, yakishuka yanazungusha tabaini. Mzunguko mmoja unakula protoni elfu moja na kitu. Oksijeni ikiisha na hakuna sukari ya kuchachusha, bwawa linakauka, tabaini inasimama. Kwamba ni bwawa hili na si ATP lilithibitishwa mwaka 1977 kwa bakteria wa Streptococcus waliokuwa wameshindishwa njaa, walipotengenezewa ile tofauti ya umeme kwa mkono kutoka nje wakaanza kuogelea.

Na "tabaini" yenyewe imezungukwa na visukumizi vingi, kwa E. coli vinaweza kufika 11, kila kimoja kinapitisha protoni zake na kuisukuma ringi inayozunguka pale shinani mwa mkia. Steven Block na Berg walichukua bakteria waliokwama kwenye kioo, wale ambao visukumizi vyao vilikuwa vibovu, wakawafanya waanze kutengeneza vizima. Bakteria aliyekuwa kasimama kabisa akaanza kuzunguka polepole, akakaa hapo dakika kadhaa, ghafla akapanda ngazi moja, akakaa, akapanda nyingine, na ngazi zote zinalingana. Kila ngazi ni kisukumizi kimoja kipya kimejipachika. Huo ni mwaka 1984, na walichohitaji kuona ni kilekile alichokiona yule binti, mwili unaozunguka kwenye kisiki.

Kesho yake tukarudia makusudi, maana dhana yangu ya bomba la sindano ilikuwa bado dhana. Mchuzi mmoja tukaugawa vichupa viwili, kimoja tukakichanganya kwa kukitikisa taratibu, cha pili yule binti akakipitisha kwenye sindano mara hamsini huku darasa zima linahesabu kwa sauti. Slaidi ya kwanza, wote wanaogelea, hatukupata wa kuzunguka hata mmoja. Ya pili, karibu hakuna anayeogelea, na kwenye kona moja tu ya kioo tukahesabu saba wamenaswa, wanne wanazunguka upande huu na watatu upande ule, kisha wawili kati ya wale wanne wakageuza.